Kipimo cha Daktari Gachoki

Wiki iliyopita mlinilaumu kwamba nilikata hadithi mkono wa bwana harusi ukiwa bado hewani. Haya, mkono umetua. Umetua kwenye bega la mwanamke mwingine.

Kwa wale waliokosa gazeti, tuko Githongo, nyumbani kwa mzee Muthamia, mchana wa Jumamosi, na ni ruracio, sherehe ya kupokea mahari, ya binti yake Nkirote. Wanawake sita wamepangwa mstari mmoja wakiwa wamefunikwa leso kuanzia utosini hadi miguuni. Daktari Gachoki kutoka Embu ametakiwa kumtambua mchumba wake bila kuona hata ukucha. Akikosea atatozwa mbuzi na kuchekwa, basi. Wengi hukosea na bado huoa.

Lakini Gachoki hakuwa mtu wa kukosea. Yeye ni mhadhiri wa saikolojia, tena wa tawi lile linalochimbua jinsi binadamu alivyochagua mwenzi tangu enzi za kuishi mapangoni: kwa nini mwanaume hutazama kiuno, kwa nini mwanamke hutazama uwezo, kwa nini wivu wa huyu haufanani na wivu wa yule. Kila Ijumaa huyasema hayo redioni. Asubuhi ile alikuwa amejigamba mbele ya wazee kwamba hahitaji macho, pua yake peke yake ingemjua Nkirote, kwa sababu maumbile yalimpa mwanaume pua kwa kazi hiyo.

Chini ya leso yake Nkirote aliona viatu tu. Viatu vya kahawia vya Gachoki vilikuja, vikampita bila kupunguza mwendo, vikasimama mbele ya mwanamke wa nne kutoka mlangoni.

"Huyu," Gachoki akasema.

Leso ikavutwa, na wanawake wakaangua kicheko. Alikuwa Kanini, binamu yake Nkirote, ambaye huishi naye nyumba moja mtaani Dallas, mjini Embu.

"Mbuzi huyo," Anti Phyllis akaimba huku akipiga makofi. "Daktari, hiyo pua imeshikwa na homa?"

Gachoki akacheka pamoja nao. "Wanaishi nyumba moja, wanaoga sabuni moja. Sasa mimi ningefanya nini?"

Watu wakaridhika. Nkirote hakuridhika. Mtu anayenusa husimama, hurudi nyuma hatua moja, husitasita. Gachoki hakunusa mtu yeyote. Alikwenda kwa Kanini moja kwa moja, kama mtu anayerudi nyumbani kwake.

Na Nkirote hakuwa na muda wa kuchezea. Tumboni alikuwa na mtoto wa Gachoki, siri ambayo Kanini pekee ndiye aliyeijua. Alipanga kumwambia Gachoki mwenyewe jioni hiyo wakibaki wawili. Kabla ya jioni, wazee wangemwita mbele ya hema na kumuuliza kama ncoolo ifunguliwe. Ncoolo ni ule mzigo wa miraa uliofungwa kwa majani ya mgomba, ambao kwa Wameru ndio posa yenyewe. Ikifunguliwa, Nkirote ni mke wa mtu.

Akamshika Kanini mkono. "Njoo unisaidie kubadilisha nguo."

Walipoingia chumbani, akageuza ufunguo.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinizungushe. Wewe na Gachoki."

Kanini alirudi nyuma mpaka akagonga kabati. "Nkirote, hapana. Mungu ananiona. Kwani unafikiria mimi naweza?"

"Nafikiria vile nimeona. Amekuja kwako kama mtu amepewa ramani."

 Kanini alikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena.

"Alipewa," akasema mwishowe. "Mimi ndio nilimwambia mahali utasimama. Wa nne kutoka kwa mlango. Hakutaka aibu mbele ya wazee. Halafu Anti Phyllis akatubadilisha tukiwa tayari tumefunikwa, na simu zilikuwa zimechukuliwa. Sikuwa na njia ya kumwambia."

Nkirote alimkodolea macho. Kisha kicheko kikamtoka, kikamtoka kingine, mpaka akakaa kitandani akijipangusa machozi. Mtaalamu wa pua alikuwa ameiba mtihani.

"Huyu mwanaume," akasema. "Kwa redio anatuambia ni pua, kumbe ni Kanini."

Najua wapo wasomaji ambao wangependa tuishie hapo, tule nyama, twende nyumbani. Hata mimi ningependa. Lakini Kanini hakuwa anacheka.

"Na namba yake ulitoa wapi?" Nkirote akauliza, bado kwa mzaha.

"Si huwa tunaongea."

"Mnaongea nini?"

"Vitu za risachi yake. Tangu mwezi wa pili."

Mzaha ukaisha. "Risachi ya nini, Kanini?"

"Ya wewe."

Nje walikuwa wanacheza muziki wa kanisa kwa spika kubwa, na mtu alikuwa akitangaza chakula. Humo chumbani Kanini alianza kulia polepole, bila sauti.

"Alisema ni kawaida, ati mtu hawezi kuoa kama hajui anaoa nani. Alikuwa anataka nimwambie siku umechelewa, siku umepaka lipstiki, siku umevaa rinda fupi. Halafu analinganisha na siku zako za mwezi. Ati kuna siku mwanamke anabadilika bila kujijua, anachekea wanaume hajui."

Nkirote aliyakumbuka maneno hayo. Aliyasikia redioni Ijumaa moja akiosha vyombo, akajivunia sauti ya mchumba wake. Kanini alikuwa ameketi pale pale kwenye kochi, simu mkononi.

"Na wewe ukampa."

"Aliniahidi nafasi ya diploma. Na nilijua huna kitu unaficha, Nkirote. Nilifikiria ukishapita itaisha."

"Nikishapita nini?"

"Ngari," Kanini akasema.

Sasa lazima niwaambie Ngari ni nani. Ni yule mwanaume mrefu, mpole, mwenye gari jeupe na shamba la ndizi Mitunguu, aliyekuja kukatia gari bima katika ofisi anakofanya kazi Nkirote. Akarudi. Akarudi tena, na gari halikuwa na shida yoyote. Alimtumia Nkirote ujumbe asubuhi na jioni. Nkirote alimwambia ana mchumba, akamwambia tena, mwishowe akaizuia namba yake. Mara moja tu alipanda gari lile, siku mama yake alipougua ghafla na Ngari akajitolea kumfikisha Githongo. Walisimama Mitunguu wakanunua mkungu wa ndizi. Lifti hiyo hakumwambia Gachoki, na tangu siku hiyo ilikuwa ikimkereketa.

"Ngari anajuana na Gachoki?"

"Walisoma pamoja. Daktari ndio alimtuma. Alisema mwanamke hapimwi na maneno, anapimwa na mwanaume mwenye kumshinda mchumba wake. Kama utamwacha, ni heri umwache kabla ya ruracio."

Hasira ilimpanda Nkirote mpaka masikio yakawaka. Na chini ya hasira kulikuwa na aibu, aibu ya mtu aliyegundua kwamba kwa miezi yote alikuwa akioga mlango wazi.

"Kwa hivyo nilipita," akasema.

"Ngari alimwambia umekataa. Lakini Daktari hakutulia." Kanini akajifuta pua kwa leso. "Na juzi akaniuliza mbona umeacha kunywa kahawa."

Nkirote akajishika tumbo. "Ukamwambia."

"Nikamwambia."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Aliuliza tu ni ya miezi ngapi." Kanini alisogea karibu na kushusha sauti. "Na kuna ingine. Ngari ako hapo nje na watu wa Embu. Ndio amebeba asali. Daktari amemleta makusudi. Anataka kuona uso yako ikimwona."

Mlango ukagongwa.

"Nkirote," Anti Phyllis akaita. "Toka, mama. Baba yako ameshika ncoolo, wazee wamekaa. Ni wewe tunangoja."

Alitoka akiwa na nguo ile ile. Njiani kuelekea hemani alijiambia mambo mawili. La kwanza, kwamba alimpenda Gachoki, hata sasa, na hilo lilimuudhi kuliko yote. La pili, kwamba uso wake hautasomwa na mtu leo.

Watu wa Embu walikuwa upande mmoja, watu wa Githongo upande wa pili, na katikati mzee Muthamia ameketi, ncoolo mapajani. Nyuma ya Gachoki alisimama Ngari na mtungi wa asali. Gachoki hakuitazama ncoolo wala mkwe wake. Alimtazama Nkirote usoni kwa umakini wa mtu anayesoma mita ya maji.

"Nkirote," mzee Muthamia akasema, kwa Kiswahili ili wageni wasiachwe nyuma. "Hawa watu wametoka mbali, wametuletea hii. Mimi siwezi kuifungua bila neno lako. Tufungue?"

"Baba, niruhusu nisalimie mgeni kwanza." Akamgeukia mbeba asali. "Karibu Githongo, Ngari. Leo barabara umeijua mwenyewe, ama umeuliza watu kama ile siku ulinipa lifti?"

Ngari akaukumbatia mtungi. Shingo ya Gachoki ikarefuka.

"Baba," Nkirote akaendelea, "huyu mwanaume alitumwa na Gachoki kunitongoza. Sio siku moja, ni miezi. Na Kanini alitumwa kuhesabu siku zangu za mwezi. Gachoki, nimedanganya mahali?"

 Mtu akazima spika.

Gachoki akasimama, akafunga kifungo cha koti. Alipozungumza, ilikuwa ni sauti ile ya Ijumaa. "Wazee wangu, sikufanya kwa ubaya. Ndoa ni kitu ya maisha. Hata ng'ombe wa maziwa, mtu huangalia kwanza kabla ya kumpeleka nyumbani."

"Ng'ombe?" Anti Phyllis akauliza.

"Ni mfano tu, mama. Mwanamke akizaa anajua mtoto ni wake. Mwanaume yeye anaambiwa. Ndiyo maana tangu zamani mwanaume amekuwa akilinda, akichunguza. Sio mimi nimesema, ni maumbile. Mimi nilitaka kuoa nikiwa na hakika."

Mama yake Gachoki, Gladys, aliinamisha kichwa. Baba yake, mzee Nyamu, alikuwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili.

Ngari akaweka mtungi chini.

"Daktari, nilikwambia mwezi wa nne alinikataa. Ukaniambia basi, niache." Akasogea hatua moja. "Mimi sikuacha. Nimeenda kwake Dallas mara nyingi, na sikuwa naenda kwa risachi yako. Nilimpenda. Kila nikienda alinifungia geti, ukitaka uliza jirani."

Hakuna aliyemtazama Ngari tena. Wote walikuwa wanautazama mdomo wa Gachoki, ambao ulikuwa unacheza taratibu. Alikuwa akihesabu. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita.

"Unasema hivyo kumlinda," akasema.

"Ni ukweli."

"Mwanaume mwenye kupenda angesema nini kingine?"

Hapo kila mtu aliuona ule mtego. Ngari akisema ndiyo, nilimpata, Nkirote ana hatia. Akisema hapana, anamfichia. Nkirote naye aliuona, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliogopa kweli.

"Nkirote," Gachoki akasema mbele ya jamaa zote mbili, "hiyo mimba ni ya nani?"

Hivyo ndivyo mzee Muthamia alivyojua kwamba atakuwa babu. Mama yake Nkirote alijifunika uso kwa kitambaa. Kina mama wa kanisa waliokuwa wakipakua pilau walibaki na miko mikononi. Nkirote alitamani ardhi immeze, kisha akatamani immeze Gachoki.

"Ni yako," akasema. "Sina mwingine wa kutaja."

"Nitajuaje?"

 Ndipo Gladys alipoinua kichwa, akamgusa mumewe goti.

"Mwambie," akasema. "Mimi nimekuruhusu."

Mzee Nyamu akasimama. Si mtu wa maneno mengi. Tangu wafike alikuwa amesema asante mara mbili tu.

"Gachoki, nilimuoa mama yako ukiwa tayari tumboni. Mwenye kukuweka huko alimkataa. Mama yako aliniambia mwenyewe, kabla sijatoa hata mbuzi mmoja, ili nikitaka kurudi nirudi. Sikurudi. Nimekulea, nimekusomesha mpaka ukaitwa daktari, na sijawahi kukupima."

Gachoki alishika kiti. Nyinyi mnaomsikiliza Ijumaa mngemhurumia, maana alitafuta neno huku na huku na hakulipata. Gladys alikuwa analia waziwazi.

"Sasa nakuuliza mbele ya hawa wakwe," mzee akaendelea. "Hakuna kipimo, hakuna mpelelezi. Neno la huyu msichana peke yake. Mtoto ni wako?"

Nkirote alingoja. Nitawaambia wazi alichokuwa akikingoja, kwa sababu wengine mtamwona mjinga. Alitaka aseme ndiyo. Angesema ndiyo, hata kwa sauti ya kukwama, Nkirote angemsamehe Kanini, angemsamehe Ngari, angefungua ncoolo kwa mikono yake mwenyewe. Mtoto angekuwa na baba na yeye angekuwa na mume. Neno moja tu.

Gachoki akafungua mdomo. Lakini kabla neno halijatoka, macho yake yalikimbia upande, yakamwangukia Ngari, yakarudi haraka.

Nkirote aliyaona.

Hakungoja neno. Alimwendea baba yake, akaichukua ncoolo mapajani mwake, na mzee Muthamia hakumzuia. Akavuka hadi upande wa Embu, akapiga magoti mbele ya mzee Nyamu, akamwekea mzigo ule mikononi juu ya kofia yake.

"Baba, wewe ningekufungulia," akasema. "Huyu siwezi."

Mzee alimwekea mkono kichwani.  Nkirote alisimama, akageuka kuelekea nyumba ya mama yake.

Gachoki alikuwa amemzibia njia.

"Huwezi kurudisha ncoolo ukabaki na mtoto wangu."

"Amekuwa wako saa ngapi?" Anti Phyllis akadakia. "Si ni sasa hivi ulikuwa unauliza ni wa nani?"

"Ni wangu," Gachoki akasema. Sauti ya redioni ilikuwa imemwisha. Hii ilikuwa ya mtu aliyebanwa kwenye kona. "Niko na kila kitu Kanini alinitumia tangu mwezi wa pili. Alilala wapi, alirudi saa ngapi, ni nani aliingia ile nyumba. Hakuna siku hata moja ya Ngari. Nikienda kortini nitashinda, na akizaliwa nitakuja kumchukua."

 Nkirote alipofungua mdomo, hata waliokaa nyuma kabisa walimsikia.

"Kwa hivyo ulijua. Ulijua ni wako, na bado umeniuliza mbele ya baba yangu."

Gachoki akafungua kifungo cha koti.

Mzee Muthamia aliinuka kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza tangu ruracio ianze. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kitini. Kisha akawatazama vijana wa kwake waliosimama kando ya barabara.

"Fungeni geti," akasema. "Huyu hatoki."